Yule Mama Asiyeonyeshwa Uso: Maswali na Majibu kuhusu Watu Weusi katika Katuni Fupi za Hollywood

Katuni fupi zilizochorwa Hollywood kati ya miaka ya 1930 na 1960 hazijastaafu. Tom na Jerry bado wanakimbizana kwenye runinga za Afrika Mashariki, na mtoto akishika simu ya mzazi hawakosi. Yafuatayo ni maswali ambayo mzazi, mwalimu au mpenzi wa katuni ana haki ya kuuliza kuhusu namna watu weusi walivyochorwa humo, pamoja na majibu yake.

Je, katuni hizi zilitengenezwa kwa ajili ya watoto?

Mwanzoni, hapana. Katuni ya dakika 6 hadi 8 ilikuwa sehemu ya jioni ya sinema. Mtu alikata tiketi, akaonyeshwa habari za dunia, kisha katuni, ndipo ikaja filamu kubwa aliyoifuata. Ukumbini walikaa wafanyakazi wa viwandani, askari walio likizo, wachumba, na wazazi na watoto wao, wote pamoja, na waandishi wa Warner, MGM na Paramount walitunga utani wa kuwachekesha watu wazima kwanza. Mambo yaligeuka baada ya vita. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya studio kubwa zilizomiliki kumbi za sinema, na soko la uhakika la filamu fupi likaanza kukauka. Televisheni nayo ilikuwa na njaa ya kitu cha kujaza saa za watoto. Mwaka 1956 katuni za zamani za Warner ziliuzwa kwa kampuni iliyozisambaza kwenye vituo vya televisheni. MGM ikafunga studio yake ya katuni mwaka 1957, na mwaka 1965 CBS ikaanza kuonyesha Tom na Jerry Jumamosi asubuhi. Kwa hiyo utani uliotungwa mwaka 1943 kwa ajili ya mtu mzima ulimfikia mtoto wa miaka mitano akiwa peke yake sebuleni. Hakuna aliyekaa kitako kuamua kwamba unamfaa. Ulimfikia kwa sababu ulikuwapo na bei yake ilikuwa nafuu.

Je, tatizo la katuni hizi ni kwamba watu weusi hawakuwemo?

Walikuwemo, tena wengi mno. Hapo ndipo mazungumzo ya siku hizi kuhusu uwakilishi hupotea njia, kwa kudhani kwamba kazi ni kuhesabu vichwa. Ukihesabu vichwa katika katuni za miaka ya 1930 na 1940 utawakuta watu weusi kila kona: mpiga tarumbeta, mvivu anayesinzia chini ya mti, mcheza kamari, mtumishi wa ndani, mla watu mwenye sufuria inayotokota. Wengi wa wahusika hao walikuwa na asili moja, nayo ni jukwaa la karne ya 19 ambako wazungu walijipaka masizi usoni, wakajichora midomo mipana, wakavaa glavu nyeupe na kuwaiga watu weusi kwa kejeli. Mtafiti Nicholas Sammond alichapisha kitabu mwaka 2015 akionyesha kwamba katuni za Marekani zilirithi mengi kutoka jukwaa hilo, zikiwemo glavu ambazo Mickey Mouse anazivaa hadi leo. Bosko, mhusika mkuu wa kwanza wa katuni za Warner, alizungumza kwa lafudhi ya jukwaa hilohilo alipoanza mwaka 1929.

Afrika nayo haikusalimika. Chuck Jones, mmoja wa waongozaji hodari kuliko wote waliopita Warner, kati ya mwaka 1939 na 1950 alitengeneza filamu tano za mtoto aitwaye Inki. Inki ni Mwafrika mdogo mwenye mfupa kichwani na mkuki mkononi, anayewinda wanyama msituni na kila mara kushindwa akili na ndege mweusi anayetembea kwa madaha. Hasemi neno hata moja. Hana mama, hana kijiji, hana kwao. Ufundi wa michoro ni wa hali ya juu, na ndiyo maana inaumiza: mtu mwenye uwezo wa kumpa sungura tabia, hasira, hila na aibu alipofika kwa mtoto wa Kiafrika aliona mfupa unatosha.

Kwa hiyo kipimo cha idadi hakitufai. Maswali ya kumuuliza mhusika yeyote wa katuni ni mengine. Je, anataka kitu chake mwenyewe? Je, tunamwona uso? Je, hadithi inampa nafasi ya kushinda, kukosea, kuhuzunika, kama inavyompa paka au panya? Na je, aliyeshika penseli aliwahi kulazimika kujibu kwa watu aliowachora? Ukizipima katuni za wakati ule kwa maswali hayo, utaona kwamba studio zilikosea mara mbili. Kwanza ziliwachora watu weusi kama kichekesho. Kisha, zilipolalamikiwa, ziliwafuta badala ya kuwachora vizuri. Kosa la pili halisemwi sana, na athari yake ilidumu kuliko ya kwanza.

Yule mama wa Tom na Jerry ni nani hasa?

Studio ilimwita Mammy Two Shoes. Anaingia katika filamu ya kwanza kabisa ya mfululizo huo, "Puss Gets the Boot" ya mwaka 1940, iliyotengenezwa na William Hanna na Joseph Barbera, na anaaga mwaka 1952 katika "Push-Button Kitty". Tunachokiona ni miguu mikubwa ya kahawia, soksi, ndara, aproni, mkono ulioshika ufagio. Kamera inakaa usawa wa paka, kwa hiyo fremu inamkata kiunoni au kifuani. Sauti yake ilikuwa ya Lillian Randolph, mwigizaji mweusi aliyekwisha kujulikana redioni, lakini jina lake halikuandikwa kwenye filamu. Maneno aliandikiwa, katika Kiingereza cha kuvunjavunja kilichotarajiwa kutoka kwa kila mtumishi mweusi wa Hollywood.

Itazame tena ile filamu ya kwanza kwa makini. Mama anamwonya paka kwamba akivunja kitu kimoja zaidi atatupwa nje. Panya anasikia. Anapanda mezani, anasukuma glasi hadi ukingoni, anamtazama paka. Paka anaganda. Mchezo wote unaofuata, kila glasi inayodakwa kabla ya kugusa sakafu, unategemea neno la yule mama. Yeye ndiye sheria ya nyumba hiyo na ndiye anayeisukuma hadithi mbele, lakini filamu inampa kazi hiyo bila kumpa uso. Paka ana uso unaobadilika mara hamsini kwa dakika. Panya ana nyusi. Binadamu pekee ndani ya nyumba ana magoti.

Wapo watazamaji wanaomtetea kwa hoja isiyo nyepesi: kwamba huyu mama si mtumishi bali ndiye mwenye nyumba. Na kweli, katika filamu nyingi hatuoni bosi wake. Katika "Saturday Evening Puss" ya mwaka 1950 anavaa vito, anatoka usiku kwenda klabu kucheza karata na wenzake, na Tom anaitumia nafasi hiyo kuwaita marafiki kupiga muziki wa jazi hadi Jerry anampigia simu mama arudi. Anarudi mbio, na kwa kitambo kifupi mno uso wake unapita mbele ya kamera. Ninaikubali hoja hiyo kwa sehemu. Ndani ya filamu hiyo kuna mwanamke mwenye maisha yake, mwenye klabu, mwenye Jumamosi. Lakini uwezekano huo hausemwi wala hauendelezwi; mtazamaji anauokota mwenyewe kwenye pembe za fremu. Kwa mtazamaji wa kizungu wa mwaka 1950, aproni, ufagio na lafudhi vilikuwa vimeshamaliza maelezo.

Lakini si ndivyo dunia ilivyokuwa? Tunawahukumuje watu wa zamani kwa macho ya leo?

Hili ndilo pingamizi la kwanza la kila mtu, na linastahili jibu kamili, kwa sababu linajengwa juu ya dhana kwamba wakati ule hakuna aliyeona ubaya. Walioona walikuwepo, waliandika, na barua zao zilifika. Mwaka 1942 Walter White, kiongozi wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, alikwenda Hollywood kuwakabili wakuu wa studio kuhusu sura ya mtu mweusi kwenye sinema. Mwaka 1943 chama hicho kilipinga "Coal Black and de Sebben Dwarfs" ya Warner. Mwaka 1948 kilipinga kurudishwa kumbini kwa "Scrub Me Mama with a Boogie Beat", katuni ya Walter Lantz ya mwaka 1941 inayoonyesha mji wa watu weusi wanaolala usingizi mchana kutwa hata mapigano yao yanasinzia, na Universal ikaiondoa. Jarida la Ebony, lililoanzishwa mwaka 1945, lilimkosoa Jasper, mtoto mweusi wa vikaragosi vya mbao vya George Pal, ambaye kazi yake katika filamu moja baada ya nyingine ilikuwa kudanganywa na kunguru na sanamu ya kutishia ndege. Macho tunayoyatumia leo ni macho ya watu wa wakati uleule ambao hawakusikilizwa.

Ushahidi wa pili una nguvu zaidi. Pal alikuwa Mhungaria aliyeondoka Ujerumani mwaka 1933 Wanazi walipoingia madarakani, na Jasper alimchukua kutoka kwenye taswira alizozikuta sokoni Marekani. Mwaka 1946, lawama zikiwa zimemfikia, alitengeneza "John Henry and the Inky-Poo", hadithi ya yule mfanyakazi wa reli anayeshindana na mashine. Msimulizi ni Rex Ingram, mwigizaji mweusi mwenye sauti nzito ya heshima. John Henry ana kifua kipana, uso wenye utu, nia, na kifo kinachomwacha mtazamaji na huzuni. Ebony waliisifu, ikateuliwa kuwania Oscar, na mwaka 2015 iliingizwa katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa na taifa la Marekani. Karakana ileile, mbao zilezile, mikono ileile iliyomchonga Jasper. Kilichobadilika ni kwamba mtengenezaji alilazimika kuwajibu watu aliowachonga.

Mwaka huohuo wa 1946 studio changa ya UPA ilitengeneza "Brotherhood of Man" kwa fedha za UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, kilichotaka wanachama weusi na weupe wakae chama kimoja. Filamu ilitokana na kijitabu cha wanaanthropolojia Ruth Benedict na Gene Weltfish cha mwaka 1943, kilichozua mzozo hadi jeshi la Marekani likaacha kukigawa. Kwa takriban dakika kumi inaeleza kwamba damu, ubongo na uwezo wa binadamu havifuati rangi ya ngozi, na kwamba ndani ya kila mtu yumo kijitu cha kijani cha hofu kinachomvuta nyuma anapotaka kumsalimu jirani. Mmoja wa walioiandika, John Hubley, baadaye aliondoka UPA chini ya shinikizo la wawindaji wa wakomunisti. Basi anayesema haikuwezekana wakati ule aeleze iliwezekanaje mara mbili katika mji mmoja na mwaka mmoja.

Mbona kila taifa lilichekwa? Waskoti, Wajerumani, Wayahudi, wote wamo.

Ni kweli, wote wamo. Tofauti ni kwamba mtoto wa Kiskoti aliyemwona Mskoti bahili kwenye katuni aliwaona pia, siku hiyohiyo na ukumbi huohuo, mashujaa, wapenzi, madaktari na wapelelezi wenye sura kama ya baba yake. Kejeli moja iliingia kwenye bahari ya picha nyingine. Mtoto mweusi alikuwa na kejeli peke yake, na akivuka kwenda filamu kubwa alikutana na mtumishi yuleyule akiwa mtu halisi. Isitoshe, studio zilijua kusahihisha zilipotaka. Katika "Three Little Pigs" ya Disney ya mwaka 1933, mbwamwitu anajifanya mchuuzi wa Kiyahudi mwenye pua ndefu na ndevu. Filamu iliporudishwa kumbini mwaka 1948, dunia ikiwa imeona kambi za Wanazi zilifanya nini, sehemu hiyo ilichorwa upya. Vivyo hivyo kingeweza kuchorwa upya kingine chochote.

Waigizaji na wanamuziki weusi walishiriki kwa hiari yao. Wao si wawakilishi wa kutosha?

Walishiriki, na yeyote anayewadharau kwa hilo hajafikiria kodi ya nyumba. Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, aliipata mwaka 1940 kwa kuigiza mtumishi, na Walter White alipokwenda Hollywood waigizaji wa kundi lake waliona mkate wao unaguswa. Lillian Randolph naye alijibu hoja Ebony walipomkosoa kwa nafasi yake ya mtumishi katika mchezo wa redio "The Great Gildersleeve". Nadhani pande zote mbili zilikuwa na haki yao. NAACP ilitetea mamilioni ya watazamaji. Waigizaji walitetea nafasi chache zilizokuwapo. Wa kulaumiwa ni yule aliyefanya nafasi hizo ziwe za aina moja tu, kisha akawaacha watu weusi wagombane wenyewe juu ya kilichobaki.

"Coal Black" inaonyesha mpaka wa ushiriki huo waziwazi. Mwongozaji Bob Clampett alipenda jazi kwa dhati, akawapeleka wachoraji wake kwenye klabu za watu weusi za Los Angeles wakatazame namna watu wanavyocheza, na sauti alizitafuta kwa watu weusi, wakiwemo Vivian Dandridge na mama yake Ruby. Matokeo yake ni filamu yenye kasi na muziki ambao wachoraji wa leo bado wanausoma. Kisha tazama nyuso: midomo ileile, macho yaleyale ya jukwaa la masizi. Watu weusi walikaribishwa hadi kwenye maikrofoni, wakasimamishwa kabla ya meza ya kuchorea.

Meza hiyo ndiyo iliyokuwa na uamuzi. Frank Braxton aliingia Warner kama mchoraji mweusi katikati ya miaka ya 1950, na Floyd Norman akaajiriwa Disney mwaka 1956, akafanya kazi kwenye "Sleeping Beauty". Tazama tarehe hizo. Wahusika wa kejeli walikuwa wameshajaza miaka ishirini na zaidi kabla mtu mweusi hajapewa penseli katika studio hizo, na alipopewa, wahusika weusi walikuwa wameshaondolewa. Norman alichora dunia za kifalme za Ulaya. Baadaye yeye na mwenzake Leo Sullivan walianzisha kampuni yao, Vignette Films, ili kutengeneza filamu za historia ya watu weusi kwa ajili ya shule.

Basi malalamiko yalizaa nini?

Yalizaa ukimya. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 mama wa Tom na Jerry ametoweka, na kuanzia "Pet Peeve" ya mwaka 1954 paka na panya wanaishi kwa mume na mke wa kizungu wenye nyumba safi ya kitongojini. Nitakuwa mkweli: malalamiko hayakuwa sababu pekee. Mtindo wa kuchora ulikuwa unabadilika, bajeti zilikuwa zinapungua, na ndoa changa za kizungu zilikuwa ndizo picha pendwa ya televisheni wakati huo. Lakini kilichofuata katika miaka ya 1960 hakiwezi kuelezwa kwa bajeti.

MGM walipoziandaa filamu za zamani kwa ajili ya watoto wa Jumamosi asubuhi, timu ya Chuck Jones ilipewa kazi ya kumwondoa yule mama. Haikuwa kazi ya mkasi tu, kwa sababu yeye ndiye aliyeisukuma hadithi. Ukimkata, filamu haieleweki. Ikabidi zichorwe picha mpya, fremu kwa fremu, na sauti irekodiwe upya. Sasa fikiria meza hiyo. Wachoraji wapo, fedha imetengwa, karatasi ni nyeupe, na mwaka ni baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Walikuwa huru kuchora mwanamke mweusi mwenye uso na kumwandikia maneno ya kawaida. Walichora miguu myembamba ya mwanamke wa kizungu, wakampa lafudhi ya Kiayalandi kwa sauti ya June Foray. Katika "Saturday Evening Puss", yule mama wa klabu ya karata akageuka kuwa binti mwembamba wa kizungu anayetoka kwenda kucheza dansi na mpenzi wake. Filamu pekee iliyokuwa imempa mwanamke mweusi Jumamosi yake mwenyewe ikampokonya hata hiyo. Katika miaka ya 1990 picha za awali zilirudishwa, sauti ikarekodiwa upya na Thea Vidale bila ile lafudhi, na sauti ya Lillian Randolph ikafutwa. Mara tatu wenye filamu walishughulika na mhusika huyu, na mara zote tatu hawakumpa uso zaidi ya ule uliopita mbio mwaka 1950.

Je, kuna uthibitisho kwamba katuni hizi ziliwadhuru watoto?

Uthibitisho wa moja kwa moja, wa katuni fulani kwa mtoto fulani, ni mgumu. Kilichopo ni kazi ya Kenneth na Mamie Clark, wanasaikolojia waliowapa watoto weusi 253 wa miaka 3 hadi 7 wanasesere weusi na weupe, wakawauliza yupi ni mzuri na yupi ni mbaya. Wengi walimchagua mweupe kuwa mzuri. Utafiti wao ulitajwa katika hukumu ya mwaka 1954 iliyoharamisha shule za ubaguzi. Hauthibitishi kosa la katuni, maana mtoto anapokea mafundisho hayo kutoka shuleni, mtaani na dukani kwa pamoja. Unaonyesha kwamba mtoto mdogo tayari anajua rangi ipi inaitwa nzuri.

Zifutwe?

Hapana. Mwaka 1968 kampuni ya United Artists ilizitoa katuni 11 za Warner kwenye orodha ya televisheni, "Coal Black" ikiwemo, na zimekaa kabatini kwa muda mwingi tangu hapo. Kama ulinzi wa watoto wadogo, uamuzi ule ulikuwa na maana. Kama jibu la kihistoria, haukuwa na maana, kwa sababu uliacha mamia ya nyingine zenye sumu ileile kwa kipimo kidogo, na ukawapa watetezi wa studio nafasi ya kudai kwamba mambo hayo yalikuwa machache. Mwaka 2010 nane kati ya hizo zilionyeshwa kwa watu wazima katika tamasha la filamu la kituo cha televisheni cha TCM, mwanahistoria Donald Bogle akieleza zilitoka wapi. Huo ndio mfano mzuri: filamu nzima, mwaka wake umetajwa, watazamaji wenye umri wa kuelewa, na mtu wa kujibu maswali.

Tena uamuzi wa kuficha usichukuliwe bila kuwauliza wenyewe. Cartoon Network ilimwondoa panya Speedy Gonzales mwaka 1999 kwa kuogopa kuwaudhi Wameksiko. Walioomba arudishwe walikuwa watazamaji wa asili ya Amerika ya Kilatini, na akarudi mwaka 2002. Wana hoja. Speedy ana lengo, ana akili, anashinda. Panya wenzake wanaomzunguka, wanaochorwa walevi na wavivu, ndio wenye tatizo, na mtu anaweza kumpenda wa kwanza huku akiwakataa wa pili.

Nani basi aliwahi kuchora sawasawa, na sisi huku tunafanyaje?

Mwaka 1964 studio ndogo ya Weston Woods ilitoa katuni fupi ya "The Snowy Day", kutokana na kitabu cha Ezra Jack Keats cha mwaka 1962. Mtoto mweusi aitwaye Peter anaamka, anavaa vazi lake jekundu la theluji, anatoka kucheza kwenye theluji, anarudi nyumbani. Hakuna anachofundisha, hakuna anayemcheka, na kwangu hapo ndipo ilipo heshima kubwa kuliko hotuba yote ya "Brotherhood of Man", ambamo mtu mweusi bado ni somo linaloelezwa kwa mzungu. Keats alikuwa mzungu, kwa hiyo rangi ya mkono ulioshika penseli haiamui kila kitu. Lakini haikosi kuonekana: mwaka 1965 mwandishi Nancy Larrick, aliyechunguza zaidi ya vitabu 5,000 vya watoto na kukuta asilimia 6.7 tu vikiwa na mtu mweusi, alimkosoa mama yake Peter kwa kufanana mno na yule mtumishi wa zamani.

Na barani kwetu jibu lilikuwa limeshaanza. Moustapha Alassane wa Niger, aliyejifunza kwa mtengenezaji wa katuni Norman McLaren nchini Kanada, alitengeneza "La mort de Gandji" mwaka 1965 na "Bon voyage, Sim" mwaka 1966. Hiyo ya pili ni ya dakika chache tu. Rais wa jamhuri ya vyura anakwenda ziara ya kiserikali, anapokewa kwa shangwe, na akirudi nyumbani anakuta amepinduliwa. Hakuna mfupa kichwani, hakuna sufuria. Kuna siasa, kuna majivuno, kuna kicheko cha mtu anayewacheka viongozi wake mwenyewe.

Kwa wenye vituo vya runinga wanaonunua katuni za zamani kwa mkupuo, ombi ni moja: kabla ya kuzirusha saa za watoto, ziangalieni zote, na zile za Inki na za visiwa vya wala watu zihamishieni usiku zikiwa na maelezo ya mwaka na asili yake. Fedha mtakayookoa kwa kununua vitu vya zamani, tengeni sehemu yake mwape wachoraji wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kwa mzazi: mwanao akikuuliza kwa nini yule mama hana kichwa, usimwambie ni katuni tu. Mwambie alikuwa nacho, na jina la aliyempa sauti lilikuwa Lillian Randolph.